Mlikula Nini kwa Mwenye Magari?

Kijijini kwetu mtu akirudi safari haulizwi kwanza amenunua nini. Anaulizwa amelalaje, halafu anaulizwa amekula nini. Ukijibu kwamba ulipewa ugali na maharage, wazee wanapiga makofi taratibu na kusema, "Basi hao ni watu." Wenyeji wako wamekwisha kushukuriwa hapo, ijapokuwa wako mbali na hawasikii. Nimekua na swali hilo kama nilivyokua na upepo wa Ufipa, sikuwahi kulifikiria. Siku hizi nikilisikia natazama chini.

Naandika likizo hii kwa sababu kusema kunanishinda. Shuleni mwalimu akiniita nisome mbele ya kidato cha tatu, sauti inanikauka na wenzangu wa mstari wa nyuma wanaanza kukohoa kwa makusudi. Lakini nikiulizwa kitu ninachokijua, nakisema kilivyo, wala sijui kukipunguza. Mama anasema hilo nimelichukua kwa baba, pamoja na masikio.

Baba ndiye aliyekuwa anashika mizani ya kijiji. Msimu wa kuuza mahindi na maharage watu walipanga magunia mbele ya stoo, naye akasimama pale na koti lake la kijivu, akisubiri mshale utulie. Mshale ukitetemeka hasemi. Siku moja bibi, mama yake mzazi, alimwambia mbele ya watu, "Wewe, hilo gunia nimelibeba mimi niliyekubeba wewe. Liangalie vizuri." Watu wakacheka, baba naye akacheka, halafu akasoma uzito ule ule aliouona. Bibi alinuna mpaka jioni. Lakini tangu hapo mtu akitaka kuapa kwetu alikuwa anasema, "Nasema kwa mizani ile."

Kwa hiyo kijiji kilipoamua kununua gari, mkutano haukubishana sana nani akaongee na mwenye magari.

Gari lilikuwa la wagonjwa. Tulipohamia kijiji cha ujamaa tuliambiwa tutakuwa karibu na barabara, na kweli tulikuwa karibu nayo. Ila barabara bila gari ni udongo tu. Mgonjwa aliendelea kubebwa kwa machela mpaka hospitali ya Sumbawanga, wanaume wakipokezana mabega, na wanawake nyuma na mwavuli na uji. Wengine walifika. Shangazi yangu, dada yake baba, hakufika. Fedha za shamba la kijiji zikaanza kuwekwa, msimu baada ya msimu, kwa ajili ya gari. Na siku ambazo hakuna mgonjwa, walisema, litashuka Mtowisa bondeni kuleta mpunga, lijilipie mafuta.

Baba alipewa mwenzake wa safari, mdogo wake, ambaye mimi namwita baba mdogo. Ni mjumbe wa nyumba kumi, na akisimama kwenye mkutano hata mbwa wanakaa kimya. Mimi nilichukuliwa kwa sababu karatasi za magari, walisema, zimeandikwa Kiingereza.

Mwenye magari alikuwa mtu wa Mbeya aliyehamia Sumbawanga. Alikuwa ananunua magari yaliyochoshwa na ofisi, yakipigwa mnada, anayatengeneza uani kwake nyuma ya soko, kisha anayauza. Mnene, sweta limepauka, miwani imefungwa kwa uzi. Uani palikuwa na magari mawili tu. La kwanza lilikuwa refu, la kijani, lenye turubai jipya nyuma, rangi yake inang'aa hadi unajiona. La pili lilikuwa pikapu ya kijivu, na mlango mmoja mwekundu uliotoka kwenye gari jingine, nao umefungwa kwa kamba.

Baba mdogo alikuwa ameshatufundisha njiani. "Kaka, pale usiseme sana. Tunajifanya hatulitaki. Tunataja nusu ya tulichonacho, tunageuka kuondoka, atatuita. Kwa walanguzi ndivyo watu wanavyonunua."

Baba alisema sawa. Nadhani alikusudia kweli.

Tukasalimiana. Mwenye magari akauliza, kama muuzaji yeyote anavyouliza, "Haya, wazee wangu, mnataka gari la kazi gani?"

Baba akatazama lile la kijani, akatazama mikono yake. "Ndugu yangu," akasema, "sisi magari hatuyajui. Tukikudanganya kwamba tunayajua utatucheka tukishaondoka. Tunataka la kubeba wagonjwa, na la kushuka bondeni kuleta mpunga, na watu juu ya magunia, maana huwezi kuwakataza. Fedha tulizo nazo ni hizi, na zote ni za kijiji." Akazitaja zote.

Baba mdogo alimkanyaga mguu. Niliona, na mwenye magari aliona.

Mwenye magari akavua miwani. "Mzee, umekuja kununua gari au kuungama?"

"Yote mawili yanahitaji kweli," baba akasema.

Yule bwana alicheka mpaka sweta likapanda tumboni. Kisha akaacha kucheka, kama mtu aliyekumbushwa jambo ambalo hakutaka kulikumbuka. "Basi na mimi niungame," akasema. "Wote wanaokuja hapa wananiambia gari ni la kwenda sokoni na kanisani. Nawauzia, wanaondoka, yanayotokea mbele siyajui. Wewe umeniambia utashuka nalo bondeni na watu nyuma. Sasa nikinyamaza nitakuwa najua. Njoo huku chini."

Akatandika gunia chini ya lile la kijani, akalala chali, na baba akalala kando yake. Baba mdogo alibaki amesimama. "Nimekuja kununua gari," alisema, "sikuja kulala chini yake." Alikuwa amevaa suruali yake ya sikukuu, ya tetroni. Mimi nilichuchumaa nikachungulia.

"Hii ndiyo chesisi, uti wa mgongo wake," sauti ya mwenye magari ilitoka chini. "Pitisha kidole hapa."

Baba alipitisha kidole. Nilikiona kikitembea kwenye chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kikafika mahali kikapanda kidogo, kama kinavyopanda juu ya kovu.

"Ilipasuka. Imechomelewa. Kwa safari za mjini itakaa miaka. Kwa mteremko wa Mtowisa na magunia, siku moja itaachia. Chukueni ile ya kijivu. Mlango haufungi, mtafunga kwa kamba. Kiti kimetoboka. Lakini mgongo ni mzima, na kwenye hizo fedha zenu nitawarudishia za matairi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sijaongeza neno.

Tulikuwa tunataka kuondoka, lakini jua lilikuwa limeshasogea na mke wake alikuwa ameandaa. Kwetu chakula kilichokwisha kuwekwa mezani hakikataliwi, ni kama kumtemea mwenye nyumba. Tukala wali na nyama. Baba mdogo alikula vizuri, hata mfupa aliugonga apate uboho. Mama yule aliniuliza nasoma wapi, na kama shule ina sabuni. Nikamwambia tunafulia maji ya majivu. Wakati wa kuagana akanishikisha kifurushi cha gazeti: sukari kidogo na kipande cha sabuni. "Za shule hizi, mwanangu. Usiwape wadogo zako, watamaliza kesho." Miaka hii sukari inapatikana kwa foleni, tena kwa kujuana. Nilipiga goti mpaka likagusa sakafu.

Njiani baba mdogo alibaki nyuma yetu. Nilifikiri amechoka.

Kesho yake mkutano uliitwa mbele ya stoo. Baba alieleza kama alivyoeleza siku zote, bila kupamba: la kijani limepasuka mgongo, la kijivu ni baya kwa sura lakini zima, yeye anashauri la kijivu. Akakaa.

Baba mdogo akasimama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wananchi. Kaka yangu ni mtu mwema, na ubaya wa mtu mwema ni kwamba hudhani wenzake wako kama yeye. Mimi nauliza. Mlanguzi anayeponda mali yake mwenyewe mmemwona wapi? Tumefundishwa hapa hapa, kupe hakuambii amekaa wapi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa yule bwana alikuwa anatutembezea kipi? Si kile kikorokoro chenye mlango wa kamba! Lile zuri anamfichia mtu wake wa Mbeya."

Watu wakavuma. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mlango wa kamba ni wa banda la mbuzi!" Wakacheka.

"Nililigusa kovu," baba akasema akiwa amekaa.

"Kaka, uligusa chuma. Chuma hakisemi."

Mwenyekiti, mtu mpole anayependa mambo yaishe kabla ya jua kali, akauliza kama yupo mwingine aliyeona. Baba mdogo alisema yeye hakulala chini. Ndipo baba akanitazama, na watu wote wakageukia pale wanawake walipokaa.

Ningependa kuandika kwamba niliogopa nikanyamaza. Ingekuwa rahisi zaidi kuilalamikia aibu yangu. Lakini nilisimama. Sauti ilitoka ndogo kama ya kuku aliyeshikwa, lakini ilitoka. Nikasema nilikiona kidole cha baba kikipanda juu ya kitu kama kovu, na nilimsikia mwenye magari akisema itaachia. Nikasema alikuwa wa kwanza kuonyesha ubovu kabla hajaulizwa.  Mama mmoja karibu yangu akasema, "Huyu mtoto haongei bure." Nilimwona baba akinyoosha mgongo kidogo.

Ningekaa hapo. Nilikuwa nimeshainama kukaa.

Pale mbele alikuwapo mzee mmoja, jirani yetu, masikio yake mazito, ambaye hakuwa amekuja kutusalimia tuliporudi. Kumwona mtu wa safari amesimama kukamkumbusha adabu. Hakuwa na nia yoyote, naweza kuapia hilo. Akasema kwa sauti kubwa ya viziwi, "Mjukuu wangu, mlilala vipi huko?"

"Salama, babu."

"Mlikula nini?"

Nami nikajibu, kwa sababu anayeulizwa hivyo hujibu, na kwa sababu nilitaka yule mama ashukuriwe. "Wali, babu. Na nyama. Na mama wa pale akanipa sukari na sabuni."

Mzee aliinua mikono apige makofi. Hakuna aliyepiga naye.

"Sukari," mtu akasema. Neno likatembea mstari kwa mstari. "Sukari?" "Kapewa sukari." "Na sabuni." Nilimtafuta baba mdogo kwa macho. Alikuwa ametazama vidole vyake. Yeye wali aliula kuliko sisi wote, lakini hakuna aliyemwuliza yeye. Yeye hakumsifu mwenye magari.

"Ndiyo maana," akasema taratibu, kama mtu anayeona huruma. "Kaka, kwa nini hukutuambia?"

Baba hakuwaambia kwa sababu hakuwa na habari kwamba ni jambo. Ilikuwa zawadi ya mtoto wa shule. Alisimama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitetemeka kama mshale ambao haujatulia. Akasema tu, "Ilikuwa ya mtoto." Wakaguna.

Mwenyekiti akapitisha lile la kijani. Na kabla ya kufunga, mtu mwingine akatoa hoja kwamba mizani ipate mshikaji mpya, siyo kwa ubaya, ila mtu mmoja asikae sana mahali pamoja. Mikono ikainuka. Baba alikwenda stoo, akaleta ufunguo, akampa mwenyekiti kwa mikono miwili.

Nyumbani nilimpelekea kile kifurushi nikitaka akitupe. Alikipima mkononi, mazoea ya kazi. "Ni zawadi," akasema. "Zawadi haina kosa. Nawe hukusema uongo." Akanirudishia. Sukari ile niliila shuleni bila utamu wowote, na sabuni nikampa rafiki yangu.

Gari la kijani lililetwa na baba mdogo mwenyewe, akikaa kiti cha mbele, watoto wakikimbia nyuma na wanawake wakipiga vigelegele. Baadaye tulisikia kwamba mwenye magari alimwonya tena, na alipoona hasikii alimpunguzia bei, akasema, "Mwambie yule mzee wa kuungama nimesema." Salamu hizo zilifika baada ya muda mrefu.

Lilibeba wagonjwa kweli, siwezi kulinyima haki yake. Kisha likashuka Mtowisa. Likipanda kurudi na mpunga, kwenye kona mbaya ya mteremko, likaachia mgongo. Waliokuwepo wanasema lilikaa kitako kama mbwa, sehemu ya nyuma ikalala chini na ya mbele ikatazama mbingu. Watu waliruka. Hakuna aliyekufa, Mungu ni mkubwa, lakini mpunga ulimwagika bondeni na gari liko pale mpaka leo. Turubai lake tu ndilo lililorudi, linaanikiwa maharage.

Nilikuwa likizo habari zilipofika. Nikafikiri: sasa watamrudishia baba mizani. Nilikaa karibu na dirisha nikisubiri mtu aje.

Walisema hivi: "Si mnaona? Mlanguzi katuuzia kibovu!" Na baba alizidi kuwa mbali na mizani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa rafiki wa mlanguzi. Alipoelezwa hilo alicheka kidogo, puani, akaendelea kunoa jembe. Kwenye mikutano alikuwa anakaa nyuma. Mtu akimwuliza anaonaje, anajibu, "Kama mlivyoona ninyi."

Likizo hii mke wa baba mdogo alishikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Machela ikatolewa. Baba alikamata mti wa mbele na baba mdogo wa nyuma, wanaume wengine wakifuata kupokea, mimi nikabeba maji. Baridi ya Juni ilikuwa inakata masikio. Hatujafika mbali, tukasikia gari linapanda kutoka upande wa bondeni. Pikapu ya kijivu, mlango mwekundu. Mwenye magari hakuwa ameiuza, alikuwa anachukulia mpunga.

Alisimama bila kupungiwa mkono. Akashuka, akamtambua baba, akasema tu, "Mpandisheni," akaanza kushusha magunia yake mwenyewe kando ya barabara. Mama mdogo akalazwa nyuma juu ya nyasi na blanketi, mimi nikimshika kichwa. Baba na baba mdogo wakabanana kiti cha mbele. Kidirisha cha nyuma hakikuwa na kioo, kwa hiyo niliwasikia.

Kwanza nilisikia mlango tu, ukigongagonga kwenye kila shimo. Kisha baba mdogo, anayejua kusema mpaka mbwa wakanyamaza, akasema, "Mlango huu haufungi."

"Alituambia," baba akajibu.

Basi. 

Mama mdogo alipona, na mtoto yupo, wa kike. Usiku ule mke wa mwenye magari alikuja hospitali na uji, viazi na chai yenye sukari. Baba mdogo alikunywa akiwa ameinamia kikombe, hakuinua macho. Alipomaliza alisema, "Asante, mama," na nikadhani huo ulikuwa mwanzo wa jambo.

Tuliporudi kijijini watu walikuwa wamejaa mlangoni. Tukatoa habari, wakashangilia. Yule mzee wa masikio mazito alikuwapo, akiegemea fimbo. Akangoja kelele zitulie.

"Mlilala vipi?"

"Salama," baba akasema.

"Mlikula nini?"

Baba alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa subira, kama alivyokuwa akiutazama mshale. Kisha akamgeukia mzee.

"Hatukula kitu."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Mzee akashusha mikono aliyokuwa ameinua apige makofi. Nilimtazama baba mdogo nikimwomba kwa macho aseme, yeye wanayemsikiliza. Akakohoa, akasema mtoto ana nywele nyingi. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo, baba akaweka mkono kichwani pangu, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akanisukuma taratibu tuingie ndani.

Ndani mama alimwuliza tena, kama mke anavyouliza. Baba akavua koti, akafunga mlango kwanza.

"Uji," akasema. "Na viazi. Na chai yenye sukari. Yule mama ana moyo." Alisema kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeuza kitu cha magendo.